Mringaringa Mkubwa wa Bondeni

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza leo alasiri bila hodi, kama mgeni mwenye njaa. Nimekaa barazani nikaiangalia mpaka ilipotulia. Miaka yote mvua kwangu ilikuwa habari ya matope njiani kwenda zahanati, na ya akina mama waliofika wamelowa chapachapa, uchungu umeshawashika. Sasa nimestaafu. Wenzangu walinipa mwavuli na hili daftari, wakasema niandike kumbukumbu za ukunga. Sina hamu. Nitaandika mambo ya hapa nyumbani, maana ndiyo nisiyoyajua.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Nyuma yake kuna karakana ya mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Fundi na mimi namwita Baba Pacha. Chini ya karakana shamba letu dogo linaisha na bonde linaanza: kijito, mikindu, mikuyu, na miringaringa ambayo hakuna aliyeipanda. Ilikuwepo kabla ya nyumba. Inapenda pale pale udongo ulipo mweusi na unyevu hauishi hata jua likiwaka. Mmoja ni mkubwa kuliko wenzake wote. Mimi na Baba Pacha tukiukumbatia kutoka pande mbili, mikono yetu haikutani.

"Leo huendi kazini?" kaniuliza asubuhi.

"Nimestaafu, Baba Pacha. Ulikuwepo kwenye sherehe, ukala kuliko mgeni rasmi."

"Najua. Nauliza tu."

Amenizoea jioni. Mchana hajui anifanye nini.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Nimepanga upya kabati la vyombo. Baba Pacha amekasirika kupita kiasi, eti hapati kitu mahali pake. Kikombe kilikuwa mbele ya pua yake.

Jumanne, 18 Machi

Jirani yetu mfuga nyuki, Mama Mizinga, amekuja na uso umekunjwa kama kitambaa kilicholala kwenye beseni. Mizinga yake ameitundika kwenye miringaringa ya bondeni na kati yake na mume wangu hakujawahi kuwa na neno. Leo lipo.

"Shoga, shemeji yangu nimemkosea nini?"

"Kwani kafanya nini?"

"Jana tumepishana pale kwenye kivuko, njia yenyewe nyembamba, nikamwinulia mkono na kumchekea meno yote nje. Kapita kama amepishana na mgomba. Na wiki iliyopita ilikuwa hivyo hivyo. Kama nina kosa, aniambie. Nina masikio."

Jioni nimemuuliza. Kasema alikuwa na mawazo. Mawazo gani? Ya kazi. Nimemwambia mawazo ya kazi hayamzuii mtu kusema "hujambo". Kaendelea kula. Nimeolewa na mtu huyu nikiwa msichana, lakini sasa nahisi niliolewa na jioni zake tu.

Jumapili, 23 Machi

Ameihamishia benchi ya kazi mlangoni kabisa mwa karakana. Anadai harufu ya gundi inamsumbua. Amefanya kazi na gundi tangu ujana wake.

Leo amemimina chai pembeni ya kikombe, nusu mezani, nusu kwenye kanga yangu. Nimesema maneno ambayo sitayaandika. Hakunijibu hata moja, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nimelala nikijiuliza kama hivi ndivyo wanaume wanavyozeeka, kwa kutojali.

Alhamisi, 27 Machi

Leo kumetokea jambo. Bwanamisitu amekuja asubuhi na kopo la rangi ya kuwekea miti alama, ameitwa na mume wangu bila mimi kujua. Tumeshuka bondeni wote watatu, matope yakitunyonya viatu. Baba Pacha akasimama chini ya mringaringa mkubwa, akaupigapiga shina kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe anayetaka kumuuza.

"Huu umekwisha," akasema. "Misimu miwili haujachanua. Mti wa namna hii ukiacha kuchanua, unakufa kwa ndani. Tukichelewa utaoza tupate kuni. Tukiwahi, shule itapata ile milango iliyoniagiza, ambayo wajukuu wa wajukuu wataibamiza."

Nilishtuka. Mbao za mringaringa anazipenda kuliko zote, jinsi zinavyokubali randa na wekundu wake uliotulia. Lakini mti ule hajawahi kuugusa kwa shoka. Pacha wetu walijifunza kupanda miti kwenye matawi yake.

Mama Mizinga alituona kutoka kwenye mizinga yake akaja mbio, kofia ya wavu ikiwa bado kichwani.

"Shemeji, mwaka jana nyuki wangu walikula nini kama huu haukuchanua?"

"Walikula maua ya miti ya ng'ambo ya kijito."

"Ulichanua. Mimi nilikuwa chini yake."

"Na mimi nilikuwa juu pale, naangalia kila asubuhi. Haukuchanua."

Wakanigeukia mimi. Nitasema nini? Mwaka jana, msimu wa mvua, nilikuwa nikitoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi kiza kimeingia. Nilimwamini mume wangu. Miti ndiyo maisha yake. Na Mama Mizinga ana mizinga ya kutetea, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Bwanamisitu ni mtu mpole, hapendi kupayuka. Akafunika kopo lake. "Mti wa asili kando ya maji haukatwi ukiwa hai," akasema. "Huu una majani. Tusubiri. Ukichanua msimu huu, unabaki. Mvua zikikatika haujatoa ua, Fundi, utaniita, nitauwekea alama."

Mama Mizinga ameondoka bila kuaga. Sasa hawasalimiani pande zote mbili.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua bila kupumzika. Nimeshuka bondeni na mwavuli wangu wa kustaafu. Kijito kimejaa na kinanguruma, kima wamejikunyata juu ya mkuyu kama wagonjwa kwenye foleni. Majani ya mringaringa yamekuwa makubwa kama sahani, na ukiyagusa yanakwaruza kama msasa. Maua hakuna.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeshuka tena. Hakuna.

Jumanne, 8 Aprili

Kwenye ncha za matawi ya chini nimeona vikonyo vidogo vya rangi ya kahawia, vina manyoya laini. Inaweza kuwa vitumba. Inaweza kuwa kitu kingine, mimi si mtaalamu wa vitu visivyolia. Sijamwambia Baba Pacha. Nataka aone mwenyewe, atakapokuwa amekosea akiri kwa mdomo wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Amejikata kidole gumba kwa patasi. Nimekishona mezani jikoni, uzi ukipita yeye hata hakukunja uso. Eti patasi imeteleza. Nikaenda karakana kuchukua kitambaa, nikakuta kigoda alichomaliza jana. Nimekikalia, kikanipeleka upande mmoja kama mtumbwi. Mikono hii hii imetengeneza vitanda ambavyo watu wamezaliwa juu yake na kufia juu yake, na havijawahi kutoa hata mlio.

Nimemuuliza kama anaumwa. Kasema hapana.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Amenoa msumeno mkubwa. Nilikuwa nasikia sauti yake tangu chai ya asubuhi hadi mchana.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilikatika alfajiri. Nilitoka kutupa maji machafu, nikatazama bondeni, nikaliacha karai pale pale. Mringaringa mkubwa ulikuwa mweupe kuanzia kileleni hadi matawi ya chini. Si ua hapa na ua pale. Ulikuwa mweupe kama mtu aliyeamka akavaa kwa ajili ya harusi. Nilishuka bila viatu. Maua yake ni kama tarumbeta ndogo za karatasi nyepesi, na mengine yalikuwa yameshaanguka, ardhi nyeusi haionekani. Nyuki walikuwa wengi hata mti wenyewe ukawa unavuma.

Nilirudi nikajikaza. Nikamwandalia chai, nikasema, "Baba Pacha, hebu tukautazame ule mti. Mvua imekatika." Nilikuwa najisikia kucheka. Nilishajiandalia na maneno ya kumwambia.

Akaja, akinishika bega kwenye utelezi. Tukasimama chini ya mti. Akainua uso. Mbingu ilikuwa nyeupe, ule weupe wa baada ya mvua. Akatazama kwa muda mrefu, akageuza kichwa huku na huku.

"Umeona sasa?" akasema taratibu. "Hamna kitu. Majani matupu."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania. Ua moja lilikuwa limemwangukia begani, lingine kichwani juu ya nywele, na yeye ananionea huruma.

"Usilie, Mama Pacha," akasema. "Ni mti tu. Tutapanda mwingine."

Ndipo yote yakaniangukia kwa pamoja: chai, kabati, salamu ya kwenye kivuko, benchi mlangoni penye mwanga, kidole, kigoda. Watu husema macho hayana pazia. Ya mume wangu yalikuwa nalo, na mimi nimeishi naye nyuma ya pazia hilo nikimwita mtu asiyejali.

Nikamwambia, "Weka mkono begani kwako."

Akaweka. Akaligusa ua, akalichukua, akalipapasa kwa kile kidole chenye bandeji kisha kwa kile kizima. Akalinusa.

"Limetoka wapi?"

"Juu yako."

Akainama, akapapasa chini, akainuka na gao zima la maua, maji yanamchuruzika kwenye kiganja. Kisha akakaa kwenye mzizi, kwenye matope, na suruali yake ya kazi.

"Harufu nilikuwa naisikia," akasema. "Tangu jana jioni. Na mwaka jana pia. Nilifikiri inatoka ng'ambo."

Nikakaa naye. Nyuki wanavuma juu yetu. Akanieleza yote bila kuniangalia, kwamba ilianza kama moshi, misimu miwili sasa au zaidi. Watu anawajua kwa sauti, mbao anazijua kwa vidole. Asiyemsemesha, hamwoni. Alikuwa anatumaini moshi utaondoka wenyewe.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi nimefanya kazi zahanati maisha yangu yote."

"Ndiyo maana," akasema. "Ungenipeleka. Wangeniambia."

Baba yake alikufa kipofu. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba walimfungia kamba kutoka kitandani hadi chooni awe anaifuata, na kwamba aliyeifunga kamba hiyo, akiwa kijana, ni mume wangu.

Jumanne, 22 Aprili

Hataki kwenda kwa daktari wa macho. Nimesema mara moja, sikurudia.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Hatuongei, lakini si kununiana. Msumeno ameupaka mafuta na kuutundika.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo subira imeniishia. Nimeenda karakana, nikakaa kwenye kile kigoda cha mtumbwi ili asikie kinavyoniyumbisha.

"Baba Pacha, unajua wakunga tunawaambia nini akina mama wanaoona aibu?"

"Nini?"

"Mficha uchi hazai."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Alikuwa anacheka. Amecheka hadi akaweka randa chini.

"Basi nipeleke," akasema. "Ila ukiona wanataka kuniambia jambo baya, waambie wakuambie wewe kwanza."

Jumapili, 27 Aprili

Amekwenda kwa Mama Mizinga kuomba radhi. Nilimsindikiza hadi ukingoni mwa shamba nikajifanya nachuma mboga ili nisikie.

"Shemeji, pale kwenye kivuko sikukuona. Macho yangu hayaoni. Na mti ulichanua, wewe ulisema kweli."

Nikasikia sauti ya jirani yangu: "Kwa hiyo siku zote hizi nimenuna bure?"

"Bure kabisa. Hata ulivyonuna sikuona."

Amerudi na asali na nta ya kulainishia droo, na ahadi ya Mama Mizinga kwamba kuanzia leo wakikutana yeye ndiye atakayeanza kusema, hata kama ana mdomo umejaa.

Jumanne, 6 Mei

Tumetoka kwa daktari wa macho. Binti yetu, Pacha Mkubwa, alikuja kutoka anakofundisha akatusindikiza. Chumba cha kusubiria kimejaa watu walioshikwa mikono na watu. Daktari ni mama wa makamo, ana vidole baridi na maneno machache. Amemmulika, amempima, amemwekea matone, amemmulika tena.

"Jicho la kulia ni mtoto wa jicho," akasema. "La kushoto vilevile, lakini hilo lina presha ya macho pia. Presha imeshakula sehemu. Tutaizuia isile zaidi, ila kilicholiwa hakirudi."

Niliona mkono wa mume wangu ukitafuta kitu cha kushika. Binti alikuwa karibu, akaukamata.

"Na la kulia?" nikauliza.

"La kulia tutalifanyia upasuaji wiki ijayo. Nina matumaini nalo makubwa."

Akauliza kama katika ukoo kuna aliyepofuka. Baba Pacha akasimulia. Daktari akasema huenda baba yake alikuwa na hiyo hiyo presha, na hakupata mtu wa kumpima. Kisha akamtazama binti yetu. "Na wewe na ndugu yako mpimwe." Pacha Mkubwa amepimwa pale pale. Yuko salama. Mdogo tumempigia simu, ameapa atakwenda.

Njiani Baba Pacha akasema, "Mama Pacha, umepokea watoto wote wa tarafa hii, na huyu wa jichoni kwangu hukumwona."

Nikamwambia huyo hakupiga kelele.

Jumanne, 13 Mei

Ametolewa chumba cha upasuaji akitembea mwenyewe, bandeji jichoni. Daktari kasema imekwenda vizuri. Nimewaambia hayo wanawake wangapi, na sikujua maneno hayo yana uzito gani kwa anayeyasubiri.

Jumatano, 14 Mei

Wamefungua bandeji asubuhi. Muuguzi akamsafisha jicho, akamwambia afumbue taratibu. Akafumbua. Binti na mimi tulisimama mbele yake kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Alitutazama mmoja mmoja. Akainua macho, akatazama ukuta nyuma yetu, akasoma kwa sauti nzito kama anasoma hotuba: "Usiteme mate sakafuni."

Tukageuka. Kweli, kuna kibandiko.

"Zima simu yako," akaendelea. "Wageni mwisho saa kumi na moja. Choo cha wanaume, upande wa kushoto." Machozi yanamtiririka, na muuguzi anamkataza kulia kwa sababu ya mshono, na yeye anasoma tu. Alisoma ukuta mzima. Alisoma hadi kadi kifuani kwa muuguzi. Mimi nilicheka nikaishiwa nguvu, nikakaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, nikaomba radhi.

Jumapili, 18 Mei

Tumerudi nyumbani. Matone mara kwa mara, kulala chali, marufuku kuinama na kunyanyua vitu. Nina mgonjwa mmoja tu na ananisumbua kuliko wodi nzima. Ameona utando wa buibui juu ya dari, ameuliza uko pale tangu lini.

Bondeni maua yamekwisha. Mringaringa umerudia ukijani wake, umebaki na vikombe vya kahawia na matunda machanga yasiyotamanisha. Nilihofia atahuzunika. Amesimama mlangoni mwa karakana akautazama, akasema, "Vitawi vyote vinaonekana," akaingia ndani.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua zimepungua, zinanyesha kama mtu anayemalizia kupangusa meza. Bwanamisitu amepita kuuliza kuhusu mti. Baba Pacha amempa habari yote bila kujificha, na kumwambia kwamba milango ya shule itatokana na mbao zilizolala darini mwa karakana, alizokuwa akizitunza bila kujua anazitunzia nini. Bwanamisitu akaguna. Akasema ataandika kwamba mti ni mzima na mwombaji pia.

Kazi ataanza daktari akimruhusu. Jicho la kushoto limebaki na ukungu wake, anasema amelizoea kama jirani mlevi.

Jumamosi, 7 Juni

Jua la kwanza la kweli. Baada ya chai Baba Pacha hakuonekana karakana wala barazani. Nikaita, kimya. Nikafikiria kijito na utelezi. Nikashuka bondeni huku nimekunja kanga.

Nikamkuta chini ya mringaringa mkubwa, amepiga magoti, uso karibu ugusane na udongo. Nikaanza kumgombeza nikiwa bado mbali, kwamba daktari amesema asiiname, kwamba yeye ni mtu mzima.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usisogeze mguu."

Nikasimama. Nilidhani ameona nyoka.

"Tazama chini. Karibu na kidole chako."

Nikatazama. Mwanzo sikuona kitu, majani makavu tu na maua yaliyooza. Halafu nikaona mche wenye majani machache, haujafika kifundo cha kidole changu, majani yenyewe yana mikunjo na manyoya. Nikaona mwingine. Nilipoanza kuuona mmoja, nikawa naiona yote, bonde zima chini ya kivuli limejaa watoto wa mringaringa, nyayo zetu za msimu mzima zimepita katikati yao.

"Hii ni ya mbegu za mwaka jana," Baba Pacha akasema. "Hakuna mbegu bila maua." Alikuwa amekata vijiti na kuizungushia baadhi, kila mche na uzio wake, vijiti vimenyooka na nafasi kati yake zinalingana.

Nilikaa naye kwenye mzizi, mahali ambapo hapakuwa na mche. Hondohondo wawili walikuwa wanagombana juu ya mkuyu.

Jua lilipopanda nikasema turudi, matone yana saa yake. Akainuka, akajipangusa magoti. Mimi nikabaki nimesimama, sijui pa kukanyaga. Basi akatangulia yeye, akanipa mkono, akawa ananionyesha hatua kwa hatua: hapa, sasa hapa, hapo hapana, vuka. Tukapanda hivyo mpaka shambani.